Sauti Ambayo Baba Aliipa Jina

Baba yangu hajawahi kuniita Wairimu. Tangu nizaliwe ananiita Maitu, yaani mama, kwa sababu mimi ni binti yake wa kwanza, na kwetu sisi Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Nikiwa mdogo nikivunja kikombe Mama alinifokea, lakini Baba alisema, "Wachana na mama yangu," na wageni wote wakacheka. Nilifurahia sana. Nani asiyependa kuwa mama ya mtu mzima mwenye ndevu?

Naeleza hilo mapema kwa sababu bila hilo hutaelewa yaliyotupata miaka ya tisini, na kwa nini ugonjwa uliofaa kupelekwa hospitali siku za kwanza ulikaa nyumbani kwetu Theta kama mgeni wa heshima. Naandika kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi ana mtu anayeongea peke yake chumbani. Naandika pia kwa huyo anayeongea, maana mimi nilikuwa yeye. Mambo ya ubongo nawaachia wenye vyeti vyao. Ninachojua ni jinsi ugonjwa ulivyoingia, ulivyojitandaza, na ulivyotaka kutumaliza.

Watu hudhani huanza na sauti. Kwangu ulianza kwa kuchoka na watu. Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini Thika, upande wa nyuzi, na nilikuwa nimepanga chumba Makongeni. Mvua za masika zilipoanza niliacha kufua nguo. Kisha nikaacha kusuka nywele, nikaacha kwenda kanisani, nikaacha hata kuoga, na hakuna kati ya hayo lililonisumbua. Nilikuwa natazama ukuta nikaona saa zimepita. Jirani yangu Zuhura, mwanamke wa Kiislamu aliyekaanga mandazi asubuhi mbele ya mlango wake, ndiye aliyeona kwanza.

"Wairimu, kwani mimi nimekukosea wapi? Siku hizi unanipita hivi kama hujaona mtu."

"Nimechoka tu."

"Kuchoka gani hii haina jina? Chukua mandazi ukule."

Nilichukua, nikayaweka dirishani yakaota ukungu.

Sauti ilikuja baadaye, kiwandani. Mashine zetu zilikuwa na kelele ya kuziba masikio, tukazoea kuongea kwa ishara, kwa hiyo siku niliposikia mwanamke akisema waziwazi, "Sasa anafunga uzi. Anaufunga vibaya," niligeuka kumtafuta aliyeweza kupiga kelele kushinda mashine. Wenzangu walikuwa wameinama kazini. "Ameinua kichwa," sauti ilisema. "Anadhani hatumwoni."

Nataka ulielewe hili vizuri, wewe ambaye hujawahi kusikia. Haikuwa wazo. Wazo unalijua ni lako. Hii ilitoka nje, nyuma ya bega langu la kushoto, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia, na kila mara niligeuka kutazama. Nilijiambia ni mashine. Lakini nikifika chumbani Makongeni, mashine zikiwa mbali, alikuwepo akinisimulia habari zangu mwenyewe: anavua kiatu, anakunywa maji, ni mchafu, tazama alivyo mchafu.

Baada ya hapo nikaanza kuamini kwamba watu wanasikia ninachofikiri. Nikikaa na wenzangu wakati wa chai nilijaribu kutofikiri kitu chochote. Wewe jaribu kutofikiri kitu uone. Mtu akicheka, amecheka wazo langu. Mtangazaji wa redio akikohoa kabla ya habari, alikuwa ananionya. Nilichukua mabaki ya pamba kiwandani nikajaza masikioni, na msimamizi aliponiona nimekaa chini ya mashine nimejifunika kichwa na mikono, alinisimamisha kwa upole na kuniambia niende kwetu nikapumzike. Zuhura alifunga biashara yake siku hiyo akanifikisha Theta mwenyewe. Mpaka leo sijaelewa alipata wapi moyo huo.

Jioni ile tulikaa jikoni sisi watatu, Baba, Mama na mimi. Baba alikuwa ametoka kupogoa kahawa na bado alikuwa na majani kwenye sweta. Niliwaambia yote. Nilikuwa nimebeba jambo lile peke yangu hadi likanizidi, na kulitoa ilikuwa kama kutua mtungi. Mama alianza kulia. Baba yeye aliuliza swali.

"Ni sauti ya nani?"

"Ya mwanamke."

"Kijana ama mzee?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. "Nafikiri ni mzee."

Baba alishusha kikombe chake chini. "Anakuita nani?"

"Ananiita jina langu."

"Wairimu," Baba alisema polepole, na mimi pamoja na Mama tukajua kwamba hakuwa ananiita mimi.

Nyanya yangu, yule ninayebeba jina lake, alifia hospitalini nikiwa shule ya msingi. Alikuwa amemsihi Baba amrudishe nyumbani akalale kitanda chake. Hakutaka sindano, alisema zinamchoma bure. Baba alimwambia avumilie, akaenda kupeleka kahawa kiwandani, na aliporudi siku iliyofuata alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi. Jambo hilo hakuwahi kulizungumza. Tulijua tu kwamba hospitali ikitajwa, yeye hutoka nje.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo tulipopotea njia. Kabla ya jioni ile ilikuwa sauti tu, ya mwanamke asiye na uso. Baba alipoipa jina, ikalivaa. Kesho yake ikaanza kuniita mjukuu. Ikaanza kukohoa kikohozi cha wazee. Ikajua shamba, ikajua mpaka wetu na jirani, ikajua kila kitu nilichokijua mimi, kwa sababu, naelewa sasa, haikuwa na mahali pengine pa kuchota. Wakati ule nilijua nimebeba mfu.

Baba akabadilika kabisa. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini sasa kila jioni alileta kigoda akakaa karibu na mimi na kuvua kofia. "Maitu," angesema, "umelala vipi huko?" Nami nilimpa maneno jinsi yalivyokuja. Ana baridi. Ana kiu. Hakupendezwa na vile mbuzi aliuzwa. Baba aliitikia kwa kichwa kama mtoto anayetumwa dukani. Alinisogezea blanketi, akanipashia maji ya kunawa miguu. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu yeyote, na mapenzi yenyewe hayakuwa yangu.

Mama ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amerudi kutawala jiko. Siku moja nilisukuma kikombe nikasema chai ni maji matupu, huyu mwanamke hajajifunza kupika hadi leo. Mama alisimama na mwiko mkononi akanitazama, kisha akamtazama Baba.

"Ngai! Huyo mama yako alinisumbua miaka yote akiwa mzima. Nikamzika, nikamlilia. Sasa amerudi kwa mdomo wa mtoto wangu mwenyewe?"

"Nyamaza, anakusikia," Baba alisema.

"Asikie! Na wewe pia usikie. Huyu ni Wairimu wangu, ni mgonjwa."

Alinipeleka Thika bila kumwambia Baba, akisema tunaenda kununua viatu. Tulikaa kwenye benchi refu la mbao chini ya mabati, watu wakiwa wamejazana, lakini upande wangu palikuwa na nafasi ya watu wawili. Ukianza kujibu mtu asiyeonekana, utapata nafasi ya kutosha popote. Daktari aliniuliza maswali machache akanipa vidonge, akamwambia Mama nivimeze kila siku nisiache. Tulirudi na Mama akaficha vidonge ndani ya kopo la unga.

Sauti ilijua. Ilisema, "Wanataka kuniua mara ya pili." Nikamwambia Baba hivyo hivyo. Alitafuta jikoni hadi akapata, akavipeleka chooni akavimwaga vyote, akarudi kwangu. "Mara hii sitakubali," aliniambia. "Mara hii hapana, Maitu."

Mama hakukata tamaa. Alimwambia Baba, "Kama kweli ni yeye, muulize yule mtoto aliyemzika kabla yako aliitwaje. Mimi aliniambia jina. Huyu msichana halijui." Baba aliniuliza. Nilisubiri nyuma ya bega langu, nikasikia jina, nikalisema, na halikuwa lenyewe. Mama alipiga makofi mara moja. Nilimtazama Baba nikitumaini, ndani kabisa mahali ambapo bado nilikuwa mimi, kwamba sasa imekwisha.

"Amekaa huko siku nyingi," Baba alisema. "Wazee husahau."

Mtu akitaka kuamini, hakuna mtihani utakaomshinda. Baada ya hapo sauti ikasema Mama anatia kitu kwenye chakula. Mimi niliacha kula, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba Baba pia aliacha kula chakula cha mke wake. Alianza kujichemshia mayai kwa sufuria ndogo, nje, watu wanaopita njiani wakimwona. Kwetu hakuna tusi la kumshinda mwanamke kama hilo. Mama alistahimili kwa muda, kisha asubuhi moja akajifunga leso kichwani, akaenda Ruiru kwa dada ya Baba. Angeenda kwao, ingekuwa ndoa imevunjika. Kwa wifi yake, ilikuwa bado ni malalamiko.

Tukabaki mimi na Baba, na hapo ndipo nilipofika chini kabisa. Ilikuwa Julai, ile baridi ya ukungu inayokaa kwenye mibuni hadi mchana, manyunyu yasiyokatika, nguo zisizokauka. Nilikula ndizi niliyomenya mwenyewe na yai ambalo ganda lake halijapasuka. Mifupa ya nyonga ilianza kuniuma nikilala. Nywele zilishikana zikawa pande moja. Nilikuwa nanuka na nilijua, kwa sababu sauti ilinikumbusha siku nzima, na siku nyingine sauti hazikuwa moja bali kadhaa, zikinijadili mimi kama ng'ombe sokoni. Baba alikuwa hapo daima na maji ya moto na blanketi na maswali yake. Amesema nini? Amekasirika? Amenisamehe? Kwa majuma yale yote hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza mimi naendeleaje.

Siku moja nilimshika mkono nikamwambia, "Baba, ni mimi."

"Najua, Maitu," alijibu, na akanipapasa mkono.

Nililia hadi nikaishiwa. Nilitaka kufa, nalisema wazi kwa sababu kuna mtu anasoma haya akitaka vivyo hivyo. Haikuwa hasira wala huzuni. Nilikuwa nimeona tu kwamba nyumba ile ilikuwa na nafasi ya Wairimu mmoja, na mwenzangu ndiye aliyehitajika.

Tata alikuja Baba akiwa ameenda kupima kahawa. Tata ndilo neno letu la shangazi. Alikuwa mwanamke mpana, aliyeuza mitumba sokoni Ruiru, na sauti yake ilizoea kushindana na soko. Alisimama mlangoni pamoja na Mama, akaniangalia kutoka juu hadi chini, na nikaona kidevu chake kikitetemeka kabla hajakikaza.

"Wairimu, simama twende hospitali."

"Cucu amekataa," nilisema, yaani nyanya.

"Huyo cucu yako alinizaa mimi. Kama anakataa, aniambie mimi." Akainamisha kichwa, akatega sikio hewani kweli kweli, akangoja. Nje kuku walikuwa wanachakura. "Sijasikia kitu. Mama Wairimu, leta viatu."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Walinishika huku na huku, Tata akiongea njia nzima kuhusu bei ya sweta za watoto, kana kwamba tunaenda arusini.

Benchi lilikuwa lile lile. Karibu nami alikaa dada mmoja aliyemleta kaka yake, amefunga mkono wake na wa huyo kaka kwa kitambaa cha leso ili asikimbie. Hakusogea mbali nami kama wengine. Alitoa chungwa mfukoni, akanionyesha pande zote halijatobolewa, akalimenya polepole mbele ya macho yangu, akala kipande kimoja yeye, kimoja akampa kaka yake, kimoja akaninyooshea. "Umeona mwenyewe," alisema. Nilikula. Yule dada alijua mambo ambayo nyumba nzima ya watu wanaonipenda haikuwa inajua, na alijifunza kwa kuteseka kama sisi. Sikumwona tena.

Hawakunipeleka Nairobi, kwa ile hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo watu hutaja jina lake wakitaka kutukana. Nililazwa hapo hapo Thika kwa sababu mwili ulikuwa umekauka maji. Wakanidunga sindano. Nilipiga mayowe hadi wagonjwa wengine wakatoka wodini.

Saa ya kutazama wagonjwa, Baba akatokea. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kupima kahawa, ambako habari zilimfikia, gambuti zimejaa matope mekundu. Alimpita Tata, akampita Mama, akaja kusimama kando ya kitanda, na akavua kofia.

Sijui nilitoa wapi maneno yale. Au tuseme najua, Baba mwenyewe alikuwa amenisimulia jioni zile za kigoda, kipande kwa kipande, akiomba msamaha. Lakini saa ile nilisikia nyanya akiyasema nami nikayapitisha. "Mwanangu, usiniache hapa. Nipeleke kwangu nikalale kitanda changu. Uliniacha mara ya kwanza. Usiniache tena."

Mama alijifunika uso. Baba alipauka kama majivu. Alichomoa blanketi, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti yangu na mwingine mgongoni, akaniinua. Tata alisimama mlangoni akaujaza wote.

"Njuguna," alimwambia, kwa jina lake la utoto, bila kupaza sauti. "Unabeba nani?"

"Toka hapo."

"Siku ile mama yetu alienda hospitali mlimbeba watu wangapi?"

Baba alisimama. Nyanya yangu alikuwa mwanamke mzito sana, kila mtu alilijua hilo, alibebwa kwa kiti na wanaume wanne wakipumzika njiani. Nilihisi mikono yake ikinipima, juu kidogo, chini kidogo. Alinitazama usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama mimi tangu mvua za masika. Nilikuwa mwepesi kama mtoto wa shule, kwa sababu alikuwa ameniacha nife njaa akimhudumia mama yake.

"Huyu hana uzito," alisema.

Alinirudisha kitandani taratibu, akanifunika hadi kidevuni. Mimi nilimshika sweta kwa mikono miwili nikimwita mwanangu, mwanangu, na yeye akabandua vidole vyangu kimoja kimoja. Kisha akatoka. Nilimwita hadi akafika nje uani, na kupitia madirisha tulimsikia akilia kwa sauti kama mwanamume asiyejua kulia, bila mpangilio, akiendelea kutembea. Hakugeuka. Kuna watu wamepewa dawa nzuri na madaktari wazuri. Mimi pia nilipewa, lakini kilichoniokoa kwanza ni baba yangu kutogeuka.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza alifikiria nini saa ile. Aliniambia, "Nilijua nitajuta njia zote mbili. Nikashika ile ambayo wewe unabaki."

Usidhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Sindano ilinyamazisha sauti kidogo kidogo, kutoka mayowe hadi mnong'ono wa chumba cha pili, lakini mwili ulilipa. Shingo ilikakamaa ikageukia upande mmoja. Mate yalinitoka kwenye mto. Miguu ilikataa kutulia, nikitembea kutoka ukuta hadi ukuta hadi miguuni kukavimba, na mikono ikatetemeka hadi chai yote ikaishia kwenye sahani. Hedhi ikakatika. Kisha njaa ikaja, njaa ya kula bila kushiba, nikanenepa nguo zote zikakataa. Tata alinichagulia magauni makubwa kwenye mtumba wake akasema, "Mwili ulienda peke yake, umerudi na wenzake." Tulicheka, nami nikagundua uso wangu haukunjuki sawasawa nikicheka. Nililia kwa ajili hiyo kuliko nilivyolilia kazi, na kazi yenyewe ilikuwa imekwenda.

Siku ya kutoka hospitali daktari alitaja jina la ugonjwa wangu, skizofrenia. Baba aliomba alirudie, na hadi leo hawezi kulitamka. Alisema tu, "Kwa hivyo ina jina lake," kama mtu aliyeonyeshwa kaburi.

Mama alirudi jikoni. Siku ya kwanza Baba alikula sahani mbili za irio mbele yake bila kuinua macho, na huo ndio msamaha pekee aliouomba. Mama hakumrahisishia. Alimwongezea sahani ya tatu akasimama kumwangalia hadi akaimaliza.

Kahawa ilipochanua tena nilijiona nimepona, nikaacha sindano. Usifanye hivyo. Kabla matunda hayajashika nilikuwa nimerudi chini ya kitanda na pamba masikioni, na safari ya pili ya kupanda ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Na wewe mwenye mgonjwa, nakuomba kitu kimoja. Usimuulize sauti zimesema nini kana kwamba unataka habari. Usibishane nazo, usizijibu, usizipe jina. Muulize yeye amelalaje, amekula nini, anaogopa nini. Muulize yeye.

Tangu hapo Baba ndiye anayenisindikiza kwa sindano ya kila mwezi. Anavaa koti lake la kanisani. Hatuzungumzi sana. Msimu mmoja wa mvua za mwisho wa mwaka tulikuwa tumekaa kwenye benchi, mabati yakipigwa na mvua, na foleni ilikuwa imebaki fupi. Alikuwa amezeeka ghafla mwaka ule. Alivua kofia, akaiweka magotini, akaizungusha mara kadhaa.

"Yeye," alisema bila kunitazama. "Hajasema kitu siku hizi?"

Ukweli ni kwamba sauti haijawahi kuisha kabisa. Muuguzi anajua, namwambia kila mwezi, naye anaandika. Ni ndogo sasa, kama redio ya jirani, na nimejifunza kuendelea na kazi zangu ikiongea. Saa ile Baba alipouliza, ilikuwa inaongea. Ilikuwa nyuma ya bega langu la kushoto na ilisema, kwa upole ambao haikuwahi kuwa nao, "Mwambie nimemsamehe."

Nilitazama mikono ya Baba juu ya kofia. Maneno hayo alikuwa ameyangoja tangu nikiwa msichana mdogo, na yalikuwa kwenye ulimi wangu. Moyo uliniuma kuliko sindano yoyote niliyowahi kudungwa, kwa sababu nilijua kwamba nikiyatoa atafurahi, na jioni ataleta kigoda.

"Hajasema kitu, Baba," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake. Mlango ulifunguliwa, ikawa zamu yangu, nikaingia kudungwa.